Kitenzi tener cha Kihispania katika nyakati zote: mwongozo kamili kwa msemaji wa Kiswahili

*Tener* ni "kuwa na". Umri, njaa, homa, haraka, bahati, deni, wajibu: Kihispania hupitisha vyote hivi kwenye kitenzi hiki kimoja, kwa hiyo utakihitaji tangu siku ya kwanza. Kwa bahati mbaya, ni kigeugeu. Leo *tengo*, wewe *tienes*, jana *tuve*, kesho *tendré*. Anayepewa jedwali lenye maumbo zaidi ya 40 akaambiwa alikariri huishia kulisoma kama kasuku, kisha akiulizwa ghafla "ulikuwa na pesa ngapi?" anakwama.

Njia fupi ipo. Maumbo yote ya *tener* yanatoka kwenye mashina matano tu, na kila shina lina nyakati zake. Ukijua shina lipi linaenda na wakati upi, viishio vilivyobaki ni vilevile utakavyovikuta kwenye vitenzi vingine. Sehemu ngumu si maumbo hasa. Ni kuchagua umbo gani pale Kiswahili kinaposema jambo kwa njia moja na Kihispania kwa mbili, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

## Mashina matano

ten- ndilo shina lenyewe, kutoka *ten-er*: *tenemos, tenéis, tenía, teniendo, tenido, tened*.

tien- hutokea mkazo unapoangukia shina badala ya kiishio: *tienes, tiene, tienen*. Irabu *e* ya Kilatini ilipobeba mkazo mara nyingi iligeuka *ie* katika Kihispania, kama *terra* ilivyokuwa *tierra*. Kwenye *tenemos* mkazo uko mbele, *te-NE-mos*, ndiyo maana *ie* haimo.

teng- ni la *tengo* na subjuntivo (maumbo ya kutaka, kutumaini na kutokuwa na hakika) yote ya wakati uliopo: *tenga, tengas, tengamos*. Hiyo *g* utaikuta tena kwenye *vengo, pongo, salgo* na *valgo*.

tuv- ni la jambo lililopita na kwisha (*tuve, tuvo, tuvieron*) na subjuntivo ya wakati uliopita (*tuviera*).

tendr- ni la wakati ujao (*tendré*) na sharti (*tendría*). Zamani wakati ujao wa Kihispania uliundwa kwa kubandika kitenzi kisaidizi *haber* nyuma ya kitenzi kizima: *tener + he*. Irabu ya katikati ikamezwa, *n* na *r* zikagongana, na *d* ikajipenyeza katikati kulainisha matamshi.

Nje ya hayo kuna neno moja tupu, amri *ten*.

## Nafsi iko mkiani

Kiswahili huweka nafsi mwanzoni (*ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-*), Kihispania huiweka mwishoni. Katika karibu nyakati zote *-s* ni wewe, *-mos* ni sisi, *-is* ni ninyi wa Uhispania, *-n* ni wao. Kwa kuwa nafsi imo ndani ya kitenzi, *yo, tú, nosotros* havitajwi bila sababu. Hili halipaswi kukusumbua: husemi "mimi nina, mimi nina" kila sentensi, basi usiseme *yo tengo, yo tengo*.

Mambo matatu ya kuamua mapema:

*Usted* (wewe wa heshima) na *ustedes* (ninyi) hutumia maumbo ya nafsi ya tatu: *usted tiene, ustedes tienen*.

*Vosotros* ni ya Uhispania. Amerika ya Kilatini husema *ustedes* kwa kila mtu. Kama watu wako wako Mexico au Colombia, maumbo ya *-éis* yatambue ukiyasikia, usipoteze muda kuyafanyia mazoezi.

Argentina, Uruguay, Paraguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, rafiki huitwa *vos* badala ya *tú*, na umbo lake ni *vos tenés*. Hapo hata *ie* inatoweka, maana mkazo umehamia mwishoni.

## Matamshi, kabla hujazoea vibaya

Irabu tano za Kihispania ni kama zetu, na huo ni mtaji. *Tenga* hutamkwa kama "tenga" yetu ya kutenganisha, ng ya "ngoma", si ng' ya "ng'ombe".

*Tiene* ina silabi mbili, si tatu: "tye-ne". Msemaji wa Kiswahili huikata *ti-e-ne* na kusikika kama anayesoma orodha ya herufi.

Herufi *v* si v ya "vita". *Tuve* hutamkwa kwa midomo miwili iliyokaribiana bila kufungana kabisa, kama *b* legevu. Ndiyo sababu *tuvo* (alikuwa na) na *tubo* (bomba) hutamkwa sawa kabisa, na hata Wahispania wenyewe huzichanganya katika kuandika.

Herufi *d* kati ya irabu hulegea hadi kukaribia dh ya "dhahabu": *tenido* ni kama "tenidho". Baada ya *n* hukaza kama katika "ndege": *tendré*.

Mkazo ndio mtego mkubwa. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu bila kukosa, na mazoea hayo yanafaa kwa *TU-ve, te-NÍ-a, tu-VIE-ron*. Yanakuangusha kwenye *ten-DRÉ, ten-DRÁN*, ambako mkazo uko mwisho kabisa, na kwenye *te-NÍ-a-mos, tu-VIÉ-ra-mos, ten-DRÍ-a-mos*, ambako uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Ukisema "te-ni-A-mos" msikilizaji ataelewa baada ya kusita kidogo. Alama ya mkazo (´) inakuonyesha mahali pake, basi isome, usiione pambo.

## Wakati uliopo

tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen

Mashina matatu katika mstari mmoja: *teng-* mara moja, *tien-* mara tatu, *ten-* mara mbili.

Hapa Kiswahili kinakubeba. *Tengo hambre* ni "nina njaa", *tengo sed* "nina kiu", *tengo prisa* "nina haraka", *tengo fiebre* "nina homa", *tengo 25 años* "nina miaka 25". Makosa ya *estoy hambre* na *soy 25 años* hayatoki kwenye Kiswahili. Yanatoka kwenye Kiingereza cha shuleni, ambacho wengi hukipitia kichwani kwanza. Toka Kiswahili moja kwa moja hadi Kihispania na makosa hayo hayatakuja. Tofauti ndogo ni kwamba sisi "tunasikia" baridi na joto, ilhali Mhispania "ana" baridi: *tengo frío, tengo calor*. Vilevile anayesema kweli "ana sababu": *tienes razón*.

Ukitaka kusema "sana", usitumie *muy*. *Hambre* ni nomino, kwa hiyo unahitaji *mucho* au *mucha*: *tengo mucha hambre, mucha sed, mucha prisa*, lakini *mucho frío, mucho sueño, mucho miedo*. *Muy hambre* ni kosa la kutafsiri "nina njaa sana" neno kwa neno.

"Sina" ni *no tengo*, rahisi hivyo. Ila "sina chochote" ni *no tengo nada*: *no* lazima ibaki hata kama *nada* tayari ni kanusho. *Tengo nada* haisemwi.

Usichanganye na "kuna", ambayo ni *hay*. "Kuna maji" ni *hay agua*. "Nyumba ina maji" ni *la casa tiene agua*. Mahali ambapo Kiswahili kinasema *kuna, pana, mna* bila mwenye kitu, *tener* haina kazi.

### Tener que: lazima

*Tengo que pagar*: inabidi nilipe. Kuna makosa mawili. La kwanza ni kuacha *que*. La pili, kubwa zaidi, ni kuandika *tengo que pago*. Kosa hili lina asili yake: katika "lazima nilipe" nafsi imo kwenye kitenzi cha pili, basi mkono unataka kuiweka na huku. Kihispania kinaibeba mara moja tu, kwenye *tener*. Kitenzi kinachofuata hakiguswi: *tengo que pagar, tienes que pagar, tenemos que pagar*.

## Nyakati zilizopita: tenía au tuve?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama, kwa sababu "nilikuwa na" yetu ni moja na Kihispania kina mbili.

Imperfecto (hali iliyokuwa ikiendelea): tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían

Indefinido (jambo lililopita na kwisha): tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron

Imperfecto haina ukorofi. Vitenzi visivyofuata kanuni katika wakati huu ni vitatu tu katika lugha nzima: *ser, ir* na *ver*. Angalia kwamba *tenía* ni ya mimi na ya yeye pia. Panapokuwa na utata, hapo ndipo *yo* au *él, ella* hutajwa.

Indefinido ina tabia zake. Kwanza, haina alama ya mkazo hata moja. Vitenzi vya kawaida huandikwa *comí, comió*, basi watu huandika *tuvé, tuvó*. Ni makosa: *TU-ve, TU-vo*, mkazo kwenye shina. Pili, mimi ni *-e* na yeye ni *-o*, kinyume na mazoea ya vitenzi vya *-er*. *Tení* na *tenió* havipo. Tatu, *tuviste* haina *s* mwishoni. Utasikia *tuvistes* mitaani, kwa sababu kila mahali pengine wewe ni *-s*, lakini katika maandishi na mtihani ni kosa.

Sasa, kuchagua. Jiulize maswali haya kwa mpangilio huu.

Je, naweza kusema "nilipata"? Kama ndiyo, ni *tuve*. *Tuve un accidente*, nilipata ajali. *Tuvo una hija*, alipata binti, yaani binti alizaliwa. *Tuvimos problemas*, tulipata matatizo. *Tuve una idea*, nilipata wazo. Linganisha *tenía una hija*: alikuwa na binti, wakati ule tunaousimulia binti alikuwa tayari yupo. Ukikosea hapa umebadilisha habari nzima.

Je, muda umefungwa kwa kipimo? *Tuve un coche rojo durante cinco años*: nilikuwa na gari jekundu kwa miaka mitano. "Nilipata" haiingii hapa, lakini miaka mitano imeanza na kwisha, basi ni *tuve*. Maneno kama *durante, hasta 2019, toda la semana* huvuta upande huu.

Vinginevyo ni hali ya nyuma ya pazia, na hali ni *tenía*. *Tenía hambre y entré en un bar*: nilikuwa na njaa, nikaingia kwenye baa. Sikia Kiswahili chenyewe: "nilikuwa na… nikaingia". Kile kinachokuja na *-ka-* ndicho tukio, kinapata indefinido. Kile kinachotandika mazingira kinapata imperfecto. Kipimo hiki cha *-ka-* hakimo kwenye vitabu vingi vya Kihispania kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu, nacho kinafanya kazi vizuri mno.

Umri wa zamani karibu daima ni *tenía*: *cuando tenía diez años*, nilipokuwa na miaka kumi.

Na *tener que* nayo inagawanyika. *Tuve que pagar*: ilinibidi kulipa, na nililipa kweli. *Tenía que pagar*: nilitakiwa kulipa, hatujui kama nililipa. Ndiyo maana unaweza kusema *tenía que pagar ayer, pero se me olvidó*, nilitakiwa kulipa jana nikasahau. Ukisema *tuve que pagar, pero se me olvidó*, umejikanusha ndani ya sentensi moja.

## Wakati ujao na sharti

Futuro: tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán

Condicional: tendría, tendrías, tendría, tendríamos, tendríais, tendrían

Shina ni *tendr-* kwa nafsi zote. *Teneré* na *tenería* hazipo. Pia usiongeze *e*: *tenderé* ni kitenzi kingine, *tender*, cha kutandaza au kuanika nguo. Kwa mantiki hiyohiyo *tiende* si *tiene*.

Katika mazungumzo utasikia zaidi *voy a tener*, nayo ni sahihi. Futuro hasa imejipatia kazi ya pili, kukisia: *tendrá unos 40 años*, "atakuwa na kama miaka 40". Kiswahili kinafanya vilevile, kwa hiyo huhitaji kujifunza upya. Kukisia kwa wakati uliopita ni condicional: *tendría unos 40 años*, alikuwa na kama miaka 40 hivi.

## Subjuntivo, ile -e yetu

tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan

Chukua *tengo*, ondoa *-o*, weka viishio vya *-a*. Nusu ya kazi yake unaijua tayari, maana ni ile *-e* ya "niwe, uwe, awe". *Quiero que tengas paciencia*: nataka uwe na subira. *Es necesario que tengan pasaporte*: ni lazima wawe na pasipoti. *Que tengas suerte*: uwe na bahati.

Nusu ya pili ndiyo inayotega, kwa sababu Kiswahili hakitumii *-e*:

- Kutosadiki: *no creo que tenga dinero*, sidhani kama ana pesa.
- Kutumaini: *espero que tengas tiempo*, natumaini una muda.
- Uwezekano: *es posible que tenga fiebre*, huenda ana homa.
- Mtu asiyejulikana bado: *busco a alguien que tenga coche*, natafuta mtu mwenye gari. Ukimjua tayari, ni *conozco a alguien que tiene coche*, namjua mtu mwenye gari. "Mwenye" yetu ni ileile. Kihispania kinatofautisha anayetafutwa na aliyepatikana.
- Wakati usiofika: *cuando tenga dinero*, nitakapokuwa na pesa. "Nita-" inamvuta mtu kuandika *cuando tendré*, na ni kosa.

## Subjuntivo iliyopita na sentensi za -nge-

Chukua *tuvieron*, ondoa *-ron*, ongeza *-ra*:

tuviera, tuvieras, tuviera, tuviéramos, tuvierais, tuvieran

Kuna na umbo la *-se* (*tuviese, tuvieses…*) lenye maana ileile, husikika zaidi Uhispania. Umbo la tatu la shina hili, *tuviere* (subjuntivo ya wakati ujao), limebaki katika sheria na mikataba. Ukilikuta, ujue ni hilo, ulipite.

Kanuni hii ya *-ron* haina kitenzi kinachoivunja katika Kihispania chote. Ukijua *dijeron* unajua *dijera*. Ukijua *fueron* unajua *fuera*.

Sasa weka sentensi tatu za Kiswahili mbele yako:

"Nikiwa na pesa, nitanunua pikipiki." *Si tengo dinero, compraré una moto.*

"Ningekuwa na pesa, ningenunua pikipiki." *Si tuviera dinero, compraría una moto.*

"Ningalikuwa na pesa, ningalinunua pikipiki." *Si hubiera tenido dinero, habría comprado una moto.*

*-ki-* ni wakati uliopo wa kawaida, wala si ujao: *si tendré* haisemwi. *-nge-* ndiyo chanzo cha kosa letu la kudumu. Kiswahili kinaweka *-nge-* pande zote mbili, basi mtu anaandika *si tendría dinero, compraría*. Kihispania kinagawa: upande wa *si* unachukua *tuviera*, upande wa matokeo unachukua *-ría*. *Si* na *-ría* hazikai pamoja katika sharti. Ukienda kaskazini ya Uhispania, Nchi ya Basque na majirani zake kama Burgos, utawasikia wenyeji wakisema *si tendría*. Ni mazoea ya eneo lao, na msahihishaji wa mtihani hatayakubali kwako.

*-ngali-* inataka *haber* pamoja na *tenido*. Upande wa matokeo *hubiera comprado* pia inakubalika badala ya *habría comprado*. (Wengi wetu siku hizi tunasema *-nge-* hata kwa yaliyopita: "jana ningekuwa na pesa ningenunua". Kabla ya kutafsiri jiulize kwanza kama nafasi bado ipo au imeshapita.)

## Amri

ten (tú), tenga (usted), tened (vosotros), tengan (ustedes), tené (vos)

Kukataza ni subjuntivo moja kwa moja: *no tengas, no tenga, no tengáis, no tengan*. *Ten cuidado*, uwe mwangalifu, lakini *no tengas miedo*, usiogope. *No ten* haipo.

*Ten* na *tenga* pia husemwa unapomkabidhi mtu kitu, kama "shika" au "haya, chukua". Muuza duka atakurudishia chenji akisema *tenga*.

Viwakilishi hushikamana nyuma ya amri: *tenlo en cuenta*, lizingatie, *téngalo en cuenta*, kwa heshima, na hapo alama inaingia kwa sababu neno limerefuka na mkazo haujahama. Katika kukataza hurudi mbele: *no lo tengas en cuenta*.

## Haber + tenido

Maumbo haya ni rahisi, kwani ni *haber* inayobadilika na *tenido* inatulia: *he tenido, había tenido, habré tenido, habría tenido, haya tenido, hubiera tenido*. *Tenido* haichukui wingi wala jinsia hapa: *hemos tenido suerte*, kamwe si *tenidos*.

*He tenido* inakaribiana na "nimekuwa na" au "nimepata". Uhispania sehemu kubwa huitumia kwa mambo ya leo, *hoy he tenido tres reuniones*. Amerika ya Kilatini wengi watasema *hoy tuve tres reuniones*. Hakuna aliyekosea.

Usichanganye na *tener* yenyewe ikifuatwa na kitenzi kilichokamilika: *tengo escritas tres cartas*, nina barua tatu nilizokwisha kuandika. Hapo *escritas* inafuata *cartas*, maana ni sifa yake.

## Vitenzi unavyopata bure

Kila kitenzi kilichoundwa kwa *tener* kinafuata mashina yaleyale matano: *mantener* (kudumisha, kutunza), *obtener* (kupata), *detener* (kusimamisha, kukamata), *contener* (kuwa na ndani yake), *sostener* (kushikilia), *retener* (kuzuia), *entretener* (kuburudisha), *abstenerse* (kujizuia, kutopiga kura upande wowote).

Kwa hiyo *mantengo, mantienes, mantuve, mantendré, mantenga, mantuviera*. Makosa ya kawaida ni *mantení* na *entretenió*, na wenyeji huyafanya pia; sahihi ni *mantuve, entretuvo*. Amri hupata alama, kwa sababu sasa ina silabi zaidi ya moja na mkazo uko mwisho: *mantén, detén, obtén*. Ikiongezewa kiwakilishi, alama inaondoka: *detente*, simama.

Jihadhari na wanaofanana tu kwa sura: *atender, entender, extender, pretender* wana *d* ndani na si ukoo huu. *Atendí, entendió*.

Majirani wawili wanastahili kujifunzwa mara moja baada ya *tener*: *venir* (vengo, vienes, vine, vendré, ven) na *poner* (pongo, pones, puse, pondré, pon). *Poner* haina badiliko la irabu katika wakati uliopo, vingine ni vilevile. Na viishio vya *tuve* ndivyo vya *estuve, anduve, pude, puse, supe, quise, vine, hice*. *Dije* na *traje* hutofautiana mahali pamoja, wao: *dijeron, trajeron*, bila *i*.

## Namna ya kufanya mazoezi

Usikariri safu nzima. Chukua kifungu kimoja kifupi, tuseme *tener prisa*, ukipitishe kwa sauti katika nyakati zote kwa nafsi moja: *hoy tengo prisa, ayer tuve prisa, antes siempre tenía prisa, mañana tendré prisa, si tuviera prisa, cuando tenga prisa, no tengas prisa*. Kila sentensi iwe na neno la wakati, kwa kuwa ndilo litakalokuita umbo utakapoongea kweli. Kesho yake badilisha nafsi. Anza na *tengo, tiene, tuvieron, tendré*: kutoka hayo manne karibu kila kitu kingine kinajengeka.

Kisha funika majibu hapa chini ujaribu.

1. Babu yangu ana miaka 80.
2. Nilipokuwa na miaka saba, tulikuwa na mbwa.
3. Jana ilibidi tungoje kituoni kwa saa mbili.
4. Utakapokuwa na muda, nipigie simu.
5. Wangekuwa na gari, wangefika mapema.
6. Tusingalikuwa na mwavuli, tungalilowa.
7. Usiogope, bibi. (kwa heshima)
8. Polisi walikamata watu watatu.

Majibu:

1. *Mi abuelo tiene 80 años.* Ukiacha *años* sentensi haijakamilika.
2. *Cuando tenía siete años, teníamos un perro.* Hali mbili za nyuma, hakuna tukio.
3. *Ayer tuvimos que esperar dos horas en la estación.* Mlingoja kweli, na saa mbili zimekwisha.
4. *Cuando tengas tiempo, llámame.*
5. *Si tuvieran coche, llegarían temprano.*
6. *Si no hubiéramos tenido paraguas, nos habríamos mojado.*
7. *No tenga miedo, señora.* *No tengas* ingekuwa ya kumwambia mtoto au rafiki.
8. *La policía detuvo a tres personas.* Kwetu polisi ni "wa-", kwa hiyo mkono utataka *detuvieron*. Kihispania *la policía* ni nomino ya umoja, basi kitenzi nacho ni umoja. Na *a* mbele ya *tres personas* ni lazima, kwa sababu wanaokamatwa ni watu.